Jini Aliyekaribishwa

Sogeeni, na mwenye kusinzia asinzie masikio wazi. Mwanakheri aliingiwa na jini. Mama yake akamgubika kanga usoni, majirani wasimjue.

Wakaenda kwa mganga. "Karibu, ewe jini! Wataka nini?" Jini akapewa marashi.

Wakaenda kwa shehe. "Ewe jini, toka!"

Wakaenda kwa daktari. "Mama, huyu analala?" Akatoa vidonge.

Chini ya kanga, Mwanakheri alijiinamia kwa aibu.

Njiani jini akamwambia mama kwa kinywa cha Mwanakheri: "Mie nimekaribishwa, nimefukuzwa, nimelishwa vidonge. Mwanao je, nani kamuuliza hali?"

Mama akamfunua uso. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Ila naogopa."

Mama akaichukua kanga ileile, akajigubika uso mwenyewe kwa aibu.

Nami nimekomea hapo. Mwenye mgonjwa nyumbani, akamsalimie.