Kaa Aliyeziba Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, mlimani kulikuwa na mto mkali, mto usiosikia la mtu. Mvua ikinyesha unashuka ngurumu, ngurumu, unang'oa miti, unaviringisha mawe, mpaka baharini. Kiangazi unanywea, unaishia mchangani. Ukingoni aliishi Kaa na kipenzi chake Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Walikula pamoja, wakalala shimo moja.

Siku moja Mkunga akasema, "Mwenzangu, nina mayai tumboni. Sisi mikunga hatutagi mtoni, tunataga baharini. Mto ukijaa nitashuka nao. Wanangu watapanda kuja kwako, uwalee."

"Mto ukijaa?" Kaa akacheka. "Una wazimu wewe! Mto uliojaa ndio uliomchukua mama yangu."

Jamani, kaa wana desturi yao. Maji yakija mekundu, wote ndani! Mlango wa shimo unazibwa kwa udongo na mawe, haufunguliwi mpaka mto utulie.

Basi mvua ikanyesha mlimani, mvua ya mwisho ya mwaka. Mto ukaja, ngurumu! ngurumu! Kaa roho ikamruka. Akamkamata Mkunga kwa gando, akamvuta ndani. Kwaru, kwaru, udongo. Puu! Jiwe. Mlango umezibwa.

"Nifungulie! Maji yangu ndiyo haya!"

"Tulia, mpenzi. Hofu tu hiyo."

"Nifungulie, Kaa! Wanangu!"

"Sikufungulii. Nakupenda mno."

Mkunga akalia mpaka sauti ikamkauka. Kaa akaushikilia mlango kwa mgongo wake, akajiona amemwokoa.

Mto ulipotulia, akafungua. "Umeona? Tuko hai!"

Mkunga akampita mlangoni. Alitoka, akashuka mbio. Kaa akamfuata, kwaru, kwaru, upande upande, wala hakumfikia. Huko chini maji yalikuwa yamekatika. Mchanga mtupu, na bahari inasikika mbele. Mkunga alikuwa amelala pale, mayai yake tumboni, jua limemkausha.

"Mwenzangu, amka," Kaa akasema. "Amka basi. Mlango nimeshafungua."

Alilia, masikini, alilia kilio cha kumaliza machozi.

Tangu hapo Kaa hazibi mlango. Mto ukijaa anakaa nje, ameng'ang'ania jiwe, maji yanampiga. Kila kitu kidogo kinachopanda mto anakiuliza, "Wewe ni wa Mkunga?" Wanapita kamba, wanapita vidagaa. Hakuna aliyewahi kuitikia.

Sikieni, wakubwa kwa wadogo. Ukimpenda mtu, msikilize. Kinachokutisha wewe huenda ndicho anachokihitaji yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni, Kaa bado anauliza. Na wewe uliyekuwa unasinzia, mbona unafuta macho?