Simu za Upepo za Kwenda Kibo

Cha barafuni hakichaguliwi jotoni. Ndivyo dada yangu Aikaruwa, bibi yenu, alivyomjibu Mkunde jana, Mkunde alipokuwa akimsifia yule kijana aliyekutana naye harusini kwamba anajua kucheza na kuchekesha watu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi maneno hayo yametoka wapi. Mngemwuliza mwenyewe, ila yeye hapendi kuisimulia, na mimi nimechoka kuikwepa. Kaeni basi, na msinikatize. Magoti yananiuma, na habari yenyewe si tamu. Methali hii ilianza hivi.

Baba yetu, Mzee Ndekirwa, aliongoza wageni mlimani kwa miaka thelathini. Alipostaafu alibaki na hamu moja tu: kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara ya mwisho pamoja na watoto wake, tuishike barafu kwa mikono yetu.

"Nimewaonyesha watu wa dunia nzima," alisema. "Wanangu nimewaonyesha kwa kidole tu, kutoka shambani."

Tukapanga safari. Mimi nilikuwa kijana, natembea haraka, kwa hiyo kila siku ningetangulia na wapagazi wawili kupiga mahema na kuchemsha chai. Baba angefuata polepole na Aika. Ili tusipoteane, tulihitaji simu za upepo mbili, zile za kubonyeza ukiongea na kuachia ukisikiliza. Kazi ya kuzichagua nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeonekana msomi.

Tulishuka Moshi mjini mwezi wa pili, jua la kupasua kichwa. Muuza duka alitutolea za aina mbili. Moja ilikuwa nene, ina kitufe kimoja kipana. Nyingine ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa shati, ina vitufe vidogo vidogo vimepangana. Nikaipenda hiyo ndogo. Nikamtuma Aika ng'ambo ya barabara, tukaongea, sauti safi kabisa.

Baba akafungua mkoba wake, akatoa glavu zake za sufu za mlimani, akazivaa pale pale dukani, jasho likimtiririka. Akanyoosha mkono apewe ile ndogo. Wateja wakaangua kicheko. Mimi nikaona aibu.

"Baba, vua hizo. Watu wanatutazama."

Alinitazama, akazivua kidole kimoja kimoja. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Hakutaka kubishana nami, alikuwa amechoka kubishana na vijana. Tukanunua zile ndogo.

Siku ya tatu ya kupanda, mawingu yalitufunika na theluji ikaanza kuanguka kwa upepo. Nilifika kambini, nikapiga mahema, nikachemsha chai. Simu ilikuwa kimya kifuani kwangu. Kimya hicho nikadhani ni salama.

Kumbe huko chini baba alikuwa ameanza kuyumba, urefu wa mlima umempanda kichwani. Aika akaishika simu aniite. Kidole chenye glavu kikakandamiza vitufe viwili kwa pamoja, simu ikahama masafa, naye hakujua. Aliita, akaita, hakuna jibu. Ndipo akavua glavu, akawa anajaribu masafa moja baada ya jingine akiyatafuta yetu, mkono mmoja umemkumbatia baba, mwingine uko wazi kwenye theluji. Karibu saa nzima ilipita ndipo nikamsikia.

"Kaka Elinami! Unanisikia?"

"Nakusikia. Mko wapi? Chai inapoa."

"Baba ananiita mama. Ananiuliza kama ng'ombe wamekula. Miguu haimbebi tena."

"Mbona hukuniita mapema?"

"Nimekuita, kaka. Nimekuita mpaka vidole sivisikii."

Nilishuka mbio na wale wapagazi. Tulimbeba baba kwa zamu mpaka kambi ya chini, akapata pumzi, akatutambua. Aliishi miaka saba zaidi, lakini hiyo barafu hatukuishika pamoja. Mlima hakuupanda tena.

Aika alikuwa fundi cherehani. Daktari alimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, zilizokufa kwa baridi.

Nilikwenda hospitali kumwona. Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda chake. Nikaanza kujitetea, Mungu anisamehe.

"Nilizijaribu, Aika. Haki ya Mungu, zilisikika vizuri."

"Ulizijaribu wapi?"

"Si dukani? Tulikuwa wote."

"Tukiwa tunatoka jasho." Aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Alikuwa amechoka tu. "Kaka, cha barafuni hakichaguliwi jotoni."

Baba aliinamisha kichwa. Hakunikumbusha habari ya glavu zake siku ile, wala hakunikumbusha hata siku moja mpaka tulipomzika.

Watu wa hapa wameyachukua maneno hayo, wanayasema hata kwa viatu vya mvua na kwa wachumba. Ni sawa, ndivyo methali zinavyokua. Lakini mimi kila nikimwona dada yangu anatunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, taratibu, akikosa na kurudia, nayasema moyoni peke yangu, na bado yananiuma. Cha barafuni hakichaguliwi jotoni.