Foleni ya Mawe

Hapo zamani za kale, zamani kwelikweli, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika na kualikana chai, Tembo alileta gurudumu kubwa kwenye uwanja ulio chini ya kilima. Lilikuwa na vikapu vinane. Unaingia kikapuni, Tembo anazungusha mpini kwa mkonga, kroo, kroo, kroo, unapanda mpaka unauona mgongo wa tai akiruka. Sogeeni karibu nyie wa kule nyuma, msije mkasema sikusimulia.

Kila mnyama alitaka kupanda. Foleni ikawa ndefu, ikapita jikoni kwa Ngiri, ikazunguka choo cha Pundamilia, ikarudi tena. Na jua lilikuwa linachoma! Ndipo wakaanza mtindo wa kuweka mawe. Unaweka jiwe lako kwenye foleni, wewe unakwenda kukaa kivulini na kula mihogo ya kukaanga, jiwe linakushikia nafasi. Mbuni, msimamizi wa foleni, alikuwa na filimbi shingoni na alijua kila jiwe ni la nani.

Katika foleni hiyo alikuwamo Pimbi, mama wa umbo dogo, mwenye maneno mengi. Siku tatu mfululizo aliweka kokoto lake, na siku tatu Nyati alilipiga teke, tii!

"Aa, kumbe lilikuwa jiwe?" Nyati alisema. "Nilidhani ni takataka."

Siku ya nne Pimbi aliacha mambo ya kokoto, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Faru na Kiboko wakapiga kelele: "Mbuni! Hapa foleni ni ya mawe, siyo ya miguu! Mtoe huyo!" Mbuni akamtoa.

Pimbi hakulitaka gurudumu kwa kujifurahisha tu. Aliolewa mbali. Mama yake alibaki ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa, hauvukiki. Misimu miwili ya mvua ilipita bila kumwona. Na ukiwa juu ya gurudumu, watu walisema, kilima cha kwao kinaonekana chote, mpaka uani.

Jioni ile Bi Kiboko alishuka kikapuni, akajipepea uso, akamwita, "Shoga! Nimemwona mama yako!"

Moyo wa Pimbi ukaruka. "Umemwonaje?"

"Anaanua mboga uani. Kapendeza na ile kanga yake nyekundu."

"Kanga nyekundu? Ipi?"

"He! Wewe mwanawe huijui? Mpya hiyo. Mimi mwenyewe nimeiona mara tatu sasa."

Mara tatu! Wivu ulimpanda Pimbi. Kiboko, ambaye hata jina la mama wa Pimbi hakulijua, amemwona mara tatu, na yeye aliyebebwa mgongoni na mama huyo hajamwona hata mara moja. Alitamani amng'ate mguu. Lakini mguu wa Kiboko na meno ya Pimbi, wapi na wapi?

"Pirrrrr!" filimbi ya Mbuni ikalia. "Kesho ndiyo siku ya mwisho! Gurudumu linaanza adhuhuri, linasimama jua likizama, halafu Tembo anahama!"

Kesho yake asubuhi Pimbi alikwenda uwanjani, akakuta mawe matatu yamekwisha tangulia mbele ya lango la kuingilia gurudumuni. La kwanza la Bi Kiboko, la pili la Bwana Nyati, la tatu la Mzee Faru. Msidhani ni wapandaji watatu. Jiwe lilikuwa moja, lakini nyuma yake walipanda wajomba, shangazi, mashemeji na watoto wao. Mpaka koo tatu zile zimalize kuzungushwa, jua lingekuwa limezama. Pimbi aliweka kokoto lake nafasi ya nne, akaliangalia, akayaangalia yale matatu. Halafu akatabasamu.

Akamfuata Nyati kwenye mihogo.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Hongera kwa jiwe lako. Ni dogo, lakini safi."

Nyati akaacha kutafuna. "Dogo?"

"Mimi sijasema! Ni hao wapitaji. Wanauliza, jiwe la Bi Kiboko ni lipi? Wanaoneshwa, wanasema, lo! Wakifika kwako wanafutia kwato matope."

"Wanafutia kwato!" Nyati akatoa pumzi, fuuu! "Kwani la Kiboko lina nini?"

"Ni kubwa tu. Lakini kwani ukubwa ni kitu? Wewe tulia, kula mihogo yako."

Ah, angetulia wapi! Nyati alimshika Pimbi mkono. "Wewe unaishi kwenye majabali. Nionyeshe kubwa kuliko la yule mama."

Pimbi akampeleka juu kilimani, akamwonyesha jiwe la ukubwa wa banda la kuku. Mteremko ulisaidia. Nyati akasukuma kwa kichwa, jiwe likashuka, gudu gudu gudu, likatua kwenye foleni, puu! Wapitaji wakasimama kushangaa.

Kidogo tu Bi Kiboko akaja mbio, jasho linamtiririka. "Pimbi, shoga yangu, nini kile?"

"Kipi? Aa, lile. Ni jiwe la Nyati. Watu wanasema sasa foleni ina mwenyewe."

"Foleni ina mwenyewe? Na mimi niliye wa kwanza ni nani?"

"Wa kwanza ni wewe, shoga. Ila ukisimama mbali, jiwe lako halionekani. La Nyati limelifunika."

Kiboko aliguna, akauma midomo, akageuka kuelekea kilimani. Aliita wajomba wawili wamsaidie. Jiwe alilolichagua lilikuwa kubwa kuliko jiko la Ngiri, na liliposhuka, gudu gudu gudu, hata mihogo kwenye karai iliruka.

Kule kwenye foleni Mzee Faru, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa akipapasa mawe ya wenzake kwa pembe. Akapapasa la Nyati. "Mmh." Akapapasa la Kiboko. "Mmmh!" Akarudi akapapasa la kwake, akalipapasa tena.

"Shikamoo, babu," Pimbi alimwambia.

"Marahaba. Hebu niambie ukweli, mjukuu wangu. La kwangu ni dogo?"

"Si dogo, babu. Ni vile tu liko jirani na hayo."

"Mimi nilikuja mbugani hapa kabla ya wote hao!" Faru alinguruma. "Nipeleke!"

Basi yakaanza mashindano. Faru akateremsha jabali. Nyati akaliona, akakasirika, akateremsha jabali kubwa zaidi. Kiboko akasema hawezi kudharauliwa na mtu anayekula nyasi kavu, akarudi kilimani na ukoo mzima. Gudu gudu gudu, puu! Kila jabali jipya likalizika lile la zamani. Kufikia adhuhuri, mbele ya lango palikuwa na majabali matatu, kila moja kama nyumba, na ardhi laini ya pale imeyameza hadi nusu. Kokoto la Pimbi lilikuwa nyuma ya majabali hayo. Hakuna aliyelipiga teke, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kuliangalia.

"Pirrrrr!" Mbuni akafungua lango. "Mawe yasogee hadi ngazini! Hatua thelathini! Jiwe litakalobaki nje ya lango limepoteza nafasi!"

Kila siku ilikuwa hivyo, na kila siku waliyasukuma mawe yao kwa mguu mmoja huku wakitafuna. Leo Kiboko alisukuma kwa mguu, jiwe likatulia tuli. Akasukuma kwa bega. Likatulia.

"Hiiiii!" akajikaza. "Wajomba! Njooni! Haap! Haap!"

Nyati naye alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamemtoka. "Hiiii! Mbona haliendi?"

"Mteremko uko wapi?" Faru aliuliza, akihema. "Asubuhi si kulikuwa na mteremko?"

Pimbi alichukua kokoto lake, akalitia kwapani, akapita katikati yao polepole. "Samahani, shoga. Samahani, Bwana Nyati. Nipisheni kidogo, babu." Akaliweka kokoto chini ya ngazi, tik.

"Mbuni!" Kiboko alipiga yowe. "Tunaacha mawe! Tunasimama wenyewe!"

"Foleni ni ya mawe, siyo ya miguu," Mbuni akajibu. "Ninyi ndio mlionikumbusha. Lakini siku bado ndefu. Leteni mawe madogo, mpange nyuma, mtapanda tu."

Nyuma ya Pimbi walipita Digidigi, Kindi, Kanga na wengine wote wenye vijiwe vyao. Pimbi aliingia kikapuni. Kroo, kroo, kroo. Uwanja ukashuka, paa la Ngiri likashuka, mto ukawa uzi. Na ng'ambo ya mto, kilima cha kwao!

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Kanga aliyovaa ilikuwa nyekundu kweli.

"Mamaaaa!"

Mama akainua kichwa. Akatazama njiani, akatazama nyuma ya nyumba, akachungulia hata kwenye chungu. Hakujua sauti inatoka mbinguni. Pimbi alicheka huku machozi yakimtoka, na ule wivu uliompanda tangu jana ukamwachia.

Ukaenda wapi? Ukashuka chini, watoto wangu, ukawapata wale watatu.

"Anacheka nini yule?" Kiboko aliuliza, shingo imepinda kutazama juu. "Ameona nini ambacho mimi sikukiona?"

"Nenda kachukue jiwe dogo, upande ukaangalie," Nyati alimwambia.

"Ili wewe ubaki na jabali lako, watu waseme nimeshindwa? Nenda wewe!"

"Mimi? Nishike kakokoto mbele ya Faru?"

"Na mimi siendi," alisema Faru, akaliegemea jiwe lake.

Foleni ya vijiwe ikapita, ikapungua, ikaisha. Vikapu vikazunguka vitupu. Mbuni aliwauliza mara ya mwisho, nao kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza, akatikisa kichwa. Jua likazama, Tembo akafunga gurudumu lake akaondoka, na wale watatu wamesimama nje ya lango, kila mtu analinda jiwe lake.

Fundisho lake ni hili: ukiacha wivu ukuchagulie mzigo, utakuchagulia ule usioweza kusogea nao.