Msomaji wa Saluni

Papo kwa papo kamba hukata jiwe, walisema wahenga. Walimaanisha kwamba jambo gumu hulegea likirudiwa bila kuchoka, hata kama anayelirudia ni mnyonge. Asiyeamini na asikilize habari za msichana aliyebandikwa jina la Kalamu Kavu, kwa kuwa kila siku ya insha karatasi yake ilibaki nyeupe pe.

Muhula huo hofu ilimzidi. Mwalimu wa Kiswahili alitangaza kwamba atakayeanguka insha atarudia darasa, na yeye alikwisha kurudia mara moja. Baba yake naye aliapa kuwa akirudia tena, masomo ndiyo basi. Usingizi ukampaa, chakula kikawa hakipiti.

Shangazi yake, msusi mwenye saluni, akamwita.

"Ukitoka shule uje uwasomee wateja wangu riwaya. Kusuka kunachukua muda, wanasinzia, vichwa vinaning'inia."

"Shangazi, mimi nina mtihani!"

"Ndiyo maana nakuita, mwanangu."

Alikwenda shingo upande. Wateja wa saluni hawana adabu mbele ya kitabu. Mmoja alidakia, "Ngoja kwanza! Huyo mjane anacheka nini, na juzi tu kafiwa?" Ikambidi msichana arudi nyuma, atafute sababu, aieleze. Mwingine alitaka sentensi tamu irudiwe. Mwingine alishikilia kwamba mwizi ni shemeji, akadaiwa ushahidi. Kalamu Kavu alisoma huku akiona siku zake zinapotelea kwenye nywele za watu. Hata hivyo alirudi kila jioni. Riwaya moja ikafuatwa na nyingine, na pole pole maswali yale akaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa.

Siku moja, hadithi ikiwa imenoga, alifunua ukurasa akakuta kurasa za mwisho hazipo. Shangazi alikuwa amezichana kujaribia joto la pasi ya nywele!

"Mimi sitoki hapa na hadithi nusu," alifoka mama mmoja aliyesukwa upande mmoja tu. "Msomaji, malizia mwenyewe!"

Msichana alikifunga kitabu. Akaanza kwa kubabaika, kisha maneno yakaja yenyewe, mengine hakujua aliyaokota wapi. Alipokoma, mama yule alikuwa akijifuta machozi kwa taulo la saluni, na shangazi alikuwa amesahau kusuka.

Mtihani ulifika. Aliandika hadi karatasi zikakusanywa. Wiki iliyofuata mwalimu akamwita ofisini, uso umemkunjamana.

"Hii insha umeinakili wapi?"

"Sijanakili, mwalimu."

"Wewe? Kaa hapo. Andika nyingine mbele ya macho yangu. Mada ni 'Kiti Kitupu'."

Sasa halikuwa suala la kurudia darasa tu. Akishindwa, ataitwa mwizi wa insha, na baba hatataka kusikia neno. Alikitazama kiti kilichokuwa mbele yake, akajiuliza nani aliinuka hapo na kwa nini hakuaga. Akainamia karatasi.

Mwalimu alisimama nyuma yake, akisoma juu ya bega lake. Kengele ikalia. Mwalimu mwenzake akachungulia mlangoni.

"Mwalimu, darasa lako linapiga kelele."

"Wacha lipige. Nataka nijue huyu mzee wa kwenye insha atarudi kukaa kwenye kiti chake au hatakaa."

Msichana alipoweka kalamu chini, mwalimu aliichukua karatasi, akarudia kuisoma toka mwanzo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeshindwa kesi, "Utapanda darasa. Nisamehe, binti."

Kalamu Kavu aliangua kilio palepale, hofu ya muhula mzima ikimtoka kwa machozi. Mkono uleule ulioshindwa kuandika hata mstari ulikuwa umemfanya mwalimu asahau kengele, na wala hakukuwa na uchawi: kweli, papo kwa papo kamba hukata jiwe.