Kwa Nini Watoto wa Kyamurere Hubeba Mawe Siku ya Alhamisi

Ilikuwa Alhamisi, tarehe nane Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Enzi hizo watoto wa Kyamurere walikwenda shule na madaftari tu, na jiwe lilikaa lilipolala.

Kemilembe, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, alisimama mbele ya darasa la nne. Yeye na wenzake wawili, waliokuwa madarasa mengine, walikuwa wametumwa kufundisha habari za ardhi oevu na ndege wake, na picha zote walikuwa wamezisahau chuoni. Kinamasi kilicho chini ya shule kilikuwa kikikauka. Katikati yake, ndani ya matete, korongo mmoja alikuwa ameatamia mayai mawili. Maji yakiisha, mbwa wa kijiji wangemfikia kwa miguu mikavu.

Akaandika ubaoni: TUTUNZE KORONGO.

Sasa, huko Kyamurere yule ndege mwenye taji huitwa kwa jina la kilugha. Korongo, kwa Kiswahili chao, ni ule ufa mrefu uliochimbwa na mvua nyuma ya shule, ambao mchana na usiku ulikuwa ukinyonya maji ya kinamasi na kuyamwaga mtoni. Kemilembe hakulijua hilo.

"Nani amewahi kuona korongo?"

Mikono yote ikapanda.

"Wapi?"

"Nyuma ya choo, madam."

Akashangaa, lakini akaandika. "Na korongo anakula nini?"

"Lilikula mbuzi wa bibi yangu," alijibu Mushumbusi, msichana wa dawati la mbele.

"Tuseme alikula, si lilikula."

"Alikula mbuzi wa bibi yangu," Mushumbusi akarudia kwa adabu, na darasa zima likaangua kicheko.

Kemilembe alidhani wanamtania. Akamalizia haraka, sauti ikitetemeka: kumtunza korongo ni kazi yao, si ya serikali, na kila mmoja afanye analoweza. Usiku huo hakulala vizuri. Alijiona amefundisha vibaya, na yale mayai yalikuwa yamebakiwa na siku chache tu kabla mbwa hawajayafikia.

Alhamisi iliyofuata alirudi, akakuta mstari wa watoto nyuma ya choo, kila mmoja na jiwe kichwani. Waliyapanga ndani ya korongo na kushindilia nyasi katikati, kama wazee wao wanavyoziba nyufa za mashamba yanayoliwa na mvua.

"Wanatii somo lako," Mwalimu Kaijage, mwenye darasa lile, alimwambia. "Hata kuliita wanaliita kama mtu. Jana waliniambia korongo bado hajashiba."

Hapo Kemilembe akaelewa. Uso ukamwaka kwa aibu, akateremka kinamasini na fimbo yake ya kupimia. Akapima mara tatu, kwa kuwa hakujiamini. Maji yalikuwa yamepanda vidole viwili. Mbwa mmoja aliingia, akalowa hadi tumboni, akageuka. Ndani ya matete, taji la manyoya ya dhahabu lilikuwa bado limetulia.

Aliporudi alichuchumaa mbele ya Mushumbusi. "Nilikukosoa bure, mdogo wangu. Ulisema sawa. Lilikula."

"Nilijua, dada," Mushumbusi akasema. "Ila nilikuonea huruma. Ulikuwa unatetemeka."

Na tangu siku hiyo, kila Alhamisi, watoto wa Kyamurere huja shuleni na jiwe moja moja. Kinamasi chao hakikauki Juni, na ndege wenye taji hulea makinda humo. Ukiwauliza watoto wanakwenda wapi na mawe, watakujibu wanamlisha korongo, na hakuna mwalimu anayewasahihisha.

Lakini siku ile desturi ilikuwa bado changa, na ufa ulikuwa haujajaa, kwa hiyo watoto walibeba mawe kila siku. Asubuhi iliyofuata, saa moja kasoro, kabla ya kengele, Kemilembe alivua viatu, akachagua jiwe linaloenea kichwani mwake, akaenda kusimama nyuma ya Mushumbusi, akingoja zamu yake.