Sanduku la Maoni la Sista Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyinyi wa nyuma mmelala? Na kina mama, acheni kunong'onezana, itikieni na nyinyi. Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sasa!

Hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa wakisali kanisa moja, palikuwa na shule ya misheni. Mwalimu mkuu alikuwa Sista Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, mdomo mrefu, na moyo mwema.

Shule ile ilikuwa na Darasa la Upendo, la watoto wanaohitaji kufundishwa kwa njia yao. Humo alisoma Perpetua, mtoto wa fuko. Perpetua alipenda shule, jamani! Alipenda hata uji wa shule, ule wenye madonge. Lakini fuko ni wa chini ya ardhi. Mwanga ukimpiga, macho yanauma, anayafumba. Ubao haoni. Mwaka mzima hajaijua hata a.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, shule ikifungwa hujaweza kusoma jina lako, nakurudisha nyumbani tuchimbe. Kila jioni unalia, nimechoka kukutazama." Perpetua akalia tena.

Sista Korongo naye alihangaika. "Darasa hili lina kasoro gani? Nitawauliza wazazi!" Hapo aliwaza vizuri, tumpigie makofi. Pwa! Pwa! Basi, inatosha, maana aliharibu palepale. Alichonga sanduku la maoni, akalipigilia ukutani, ko! ko! ko! Wapi? Palepale mdomo wake unapofika.

Mama Perpetua akaja na karatasi yake. Akaruka, tup! Akaruka, tup! Hakufika hata robo ya ukuta. Kobe alilitazama tu, akaenda zake. Twiga, Baba Deogratias, akapita akitafuna majani, akatumbukiza ya kwake bila hata kunyanyua shingo.

Jumamosi Sista akafungua. Karatasi moja. "Madirisha ni madogo."

"Wazazi wamesema!" Sista akapanua madirisha. Mwanga mwaa! Perpetua akafumba macho.

Jumamosi ya pili, karatasi moja. "Paa liinuliwe."

"Wazazi wamesema!" Paa likainuliwa. Mwanga mwaa! mwaa! Perpetua akafumba, akajifunika na daftari.

Jumamosi ya tatu, karatasi moja. "Kuta zipakwe chokaa."

"Wazazi wamesemaaa?" Semeni nami! Chokaa ikapakwa. Mwanga mwaa! mwaa! mwaa! Perpetua akaingia chini ya dawati, hakutoka mpaka saa ya uji.

Jumapili baada ya misa, kikao cha wazazi. Sista akasema, "Maoni yote nimeyafanyia kazi. Mzazi asiyeridhika anyooshe mkono."

Mama Perpetua akanyoosha. Mkono wa fuko mnaujua? Na mbele yake ameketi kiboko! Nani angemwona? Mama wa watu akapandwa na hasira. Akafanya anachokijua. Akachimba, kwara! kwara! kwara! Perpetua nyuma yake. Wakapita chini ya kiboko, wakapita chini ya viti, wakafika chini ya Sista.

Ardhi ikatitia. Puu! Sista Korongo huyo shimoni, miguu juu, veli imemvaa mdomo, udongo ukaziba juu!

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Mama Perpetua. Adabu ni adabu, hata shimoni.

"Milele, amina! Nani wewe? Sioni!"

"Mama Perpetua. Nimeleta maoni."

"Mbona hukuyatia sandukuni?"

"Sista, sanduku lile hata tako lake silifikii."

Sista akatapatapa. Kisha akasema, "Basi nitoeni kwanza. Huku sioni kitu kabisa, naogopa."

"Hivyo ndivyo mwanangu anavyokaa darasani kwako."

Perpetua akamshika bawa. "Usiogope, Sista. Papasa. Hapa kona. Hapa mzizi, inama. Hapa jiwe." Sista Korongo anatambaa, mwanafunzi anaongoza, huku anacheka kwikwikwi!

"Umeijuaje njia, mwanangu?"

"Nimeipapasa tu, Sista."

Sista akaketi kwenye udongo. "Mama Perpetua, nifanye nini?"

"Ziba madirisha. Na herufi uzifinyange kwa udongo, azishike."

"Basi?"

"Basi."

Sista akacheka huku analia. "Wiki tatu nabomoa kuta!"

Madirisha yakazibwa kwa mbao, herufi zikafinyangwa, sanduku likang'olewa, kuku akataga humo. Toka siku hiyo Sista aliwafuata wazazi jumuiya kwa jumuiya. Kwa kobe alipiga magoti. Kwa popo alining'inia kichwa chini, akaandika hivyohivyo!

Siku ya kufunga shule ikafika. Mama Perpetua alikuja na kamba ya kufungia mizigo, maana aliahidi. Sista akaweka mezani kibao cha udongo chenye herufi. Perpetua akapapasa. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda. Kisha akaruka, tup!

"Mama! Ni mimi! Nimo humu!"

Mama yake akaitupa kamba dirishani. Ikagonga mbao, ko! Alisahau kuwa dirisha limezibwa.

Basi enyi walimu, enyi wakubwa wa shule: ukitaka kujua kinachomuuma mtoto, muulize aliyemzaa, na umfuate hapo alipo. Hadithi yangu imeishia hapo, shimoni kwa fuko. Mwenye maoni anipe mimi mkononi, sina sanduku.