Siku Mwamba Ulipouliza Majina

Vuuuuum!

Sauti moja tu, usiku, kisha kimya. Vyura wakameza nyimbo zao. Majani yakasimama kama yanasikiliza.

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kugombana nao, sauti hiyo ilisikika mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapokaza. Kila aliyeisikia alijua maana yake. Mwamba wa Mwito umeamka. Kesho utaita majina.

"Mama," Chausiku alinong'ona gizani, "umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Lala."

Chausiku alilala. Mama yake hakulala. Huyo mama alikuwa Bi Somoe, pimbi, mjane, mviringo kama kiazi na mwepesi kama cheche. Mkia hakuwa nao, mali hakuwa nayo. Alikuwa na Chausiku.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyuma ya Mwamba kulikuwa na Bonde la Chemchemi. Huko ndiko vijana walikofundishwa njia za maji: yanapita wapi chini ya ardhi, pachimbwe wapi, pangojewe wapi. Aliyejua elimu hiyo hakufa kiu, yeye wala ukoo wake. Asiyeijua aliomba maji kwa anayejua, akalipa kwa mgongo wake mpaka mgongo ukapinda.

Na sheria ilikuwa moja. Jina la kijana likitamkwa mbele ya Mwamba siku ya mwito, mwenyewe huingia bondeni, na hakuna wa kumtoa. Lisipotamkwa, hurudi alikotoka.

"Mlango uko wazi kwa wote," Tembo alisema kila mwaka huku akipepea masikio. "Si sisi tunaochagua, ndugu zangu. Ni Mwamba."

Ajabu ya Mwamba huo! Ulimwita mtoto wa Tembo. Ukamwita mtoto wa Kifaru. Ukamwita hata mtoto wa Kiboko, aliyesinzia katikati ya mtihani wa kutafuta maji akakoroma, khorr, khorr! Naye Chausiku alilaza sikio juu ya jiwe, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba, maji yakaruka, umati ukapiga vigelegele. Mwamba haukumwita. Mwaka uliofuata akasikia maji mengine, Mwamba ukanyamaza tena. Na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho, kwa sababu mwakani angehesabiwa mtu mzima, na watu wazima hawaitwi.

Basi Bi Somoe akatoka nje, nyayo zake zikiushika mwamba kama gundi, akapanda kuelekea ilikotoka ile sauti.

Nyuma ya Mwamba, kando ya bwawa, aliona makaa yanawaka. Wakubwa walikuwa wameketi duara, wanakula matikiti. Nyuso zao zilipakwa udongo mweupe, na katika mwanga ule hafifu ilionekana kama vichwa havina macho. Fisi alisimama kwenye kijia, akiuliza kila anayefika:

"Ngozi yako ina unene gani?"

"Mwiba haupiti."

"Kilio je?"

"Nacho hakipiti."

"Karibu kwenye Chama cha Ngozi Nene."

Bi Somoe akasisimka manyoya. Aliona ufa, ufa mwembamba ambao wengine wangeuona kama mstari tu juu ya jiwe. Akajipenyeza. Akajikuta ndani ya tumbo la Mwamba, mahali pakubwa, peusi, baridi kama pumzi ya kisima. Upande mmoja palikuwa na tundu linalotazama bwawa. Upande wa pili palikuwa na mdomo wa Mwamba, unaotazama uwanja wa mwito.

Akatega sikio.

"Nimevuma vizuri?" Kiboko aliuliza, akijifuta maji.

"Umevuma, ndugu yangu! Ulipotia mdomo kwenye tundu, hata mimi nilitetemeka," alisema Tembo. "Kesho utawaita mwanangu mdogo, mapacha wa Kifaru, na mpwa wa Nyati. Basi."

"Na kale kapimbi kanakosikia maji?" aliuliza Kifaru. "Mwaka jana umati ulinung'unika."

"Kanaitwa nani?"

"Nani ajuaye? Pimbi ni pimbi."

Wakacheka. Ho! Ho! Ho! Makaa yakaruka cheche.

Kicheko kile kilimchoma Bi Somoe kuliko njaa. Miaka yote alidhani jina la mwanawe limekataliwa. Kumbe halikuwahi hata kuulizwa!

"Ee Mola," alinong'ona.

"Mola... ola... la..." Mwamba ukarudisha.

"Mama," akajaribu.

"Mama... ama... ma..."

Akavuta pumzi. "Chausiku."

Kimya.

Akarudia. Kimya kile kile, kizito, kama jina limetupwa kwenye shimo lisilo na chini. Mwamba ulirudisha kila neno isipokuwa hilo. Akataka kukimbia. Lakini miguu iliyotaka kukimbia ilikuwa ya mama, na mama ana miguu ya ajabu. Ikaganda pale pale. Na wazo likamjia.

Akatia kinywa kwenye tundu la bwawa, akaitoa sauti tumboni:

"NANI ANAKULA MBELE YANGU?"

Tikiti likamponyoka Nyati. Bwata!

"Kiboko," alisema Tembo polepole, "acha mzaha."

"Mzaha gani? Niko hapa, Mzee. Kinywa changu kimejaa."

"Basi aliye ndani ni nani?"

Udongo mweupe ulianza kupasuka kwenye mashavu yao kwa jasho.

"Fisi! Nenda uchungulie."

"Mimi, Mzee? Miaka yote hii hamjanipa hata kiti. Mimi ni wa mlangoni tu."

"Ndiyo maana. Na ule pale ni mlango."

Fisi akajikokota, akanusa tundu. Bi Somoe akampulizia puani. Fuuuu!

"Lina pumzi!" Fisi akaanguka chali. "Jamani, lina pumzi!"

"MIAKA YOTE MMENITIA MANENO KINYWANI," sauti ikavuma. "KESHO MTANIPA MAJINA. KUNA MOJA NINALOLITAKA. MKILITAMKA NITAJIBU. MSIPOLITAMKA, NITANYAMAZA."

"Na... na tusipolipata, Mkuu?" Kifaru aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"NIKIMEZA KIVULI CHANGU KABLA HAMJALITAMKA, NITAITA MIMI MWENYEWE. NITAWAITA NINYI. MMOJA MMOJA. MJE NDANI."

Lo! Wenye ngozi nene walitawanyika vichakani kama vifaranga.

Alfajiri Bi Somoe alimwamsha mwanawe. "Leo usimame mwisho wa mstari."

"Mwisho? Mama, kila mwaka tunasukumwa mwisho, leo nijipeleke mwenyewe?"

"Mwisho kabisa. Ukisukumwa mbele, rudi nyuma."

"Na kivuli je? Jua likifika utosini, Mwamba ukakimeza, mwito umekwisha!"

"Najua, mwanangu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Karibu," alisema Bi Somoe, akamlamba utosi, akapotea.

Jua lilipanda. Uwanja ulijaa. Safari hii Kiboko alikataa katakata kusogelea tundu, kwa hiyo Tembo alisimama mbele ya Mwamba na wenzake, akakohoa, akaita kwa fahari:

"Mwinyimkuu, mwana wa Tembo!"

Mwamba kimya.

"Jumbe na Liwali, mapacha wa Kifaru!"

Kimya.

"Mpwa wa Nyati... Akida!"

Kimya. Kivuli cha Mwamba kilikuwa kimekwisha kurudi nusu ya uwanja.

"Taja mengine," alinong'ona Kifaru.

"Mengine ya nani?"

Wakatazamana. Katika vichwa vyote vile vikubwa, hakukuwa na jina moja zaidi. Walijua utamu wa kila chemchemi, ila majirani zao hawakuwajua.

Tembo akamgeukia wa kwanza kwenye mstari. "Wewe... mwenye miiba. Unaitwaje?"

"Mimi?" Mtoto wa Nungunungu alitazama nyuma, akidhani anaulizwa mwingine. "Naitwa Makame, Mzee."

"Makame!" Tembo akaita.

Kimya. Lakini Bibi Kobe akanyoosha shingo. "Limetamkwa! Limetamkwa mbele ya Mwamba! Mpisheni mtoto aingie!"

"Hapana, huyu tulikuwa tunajaribu tu..."

"Sheria ya nani, Mzee? Yetu au yenu?"

Umati ukavuma. Tembo akautazama Mwamba, akasogea pembeni. Makame akaingia bondeni, miiba yake ikicheza, chakacha, chakacha.

"Anayefuata! Upesi!"

"Naitwa Mwanaidi, binti Kanga."

"Mwanaidi!"

"Naitwa Mbaruku, mwana wa Sungura. Na kwa bibi naitwa Vuai."

"Mbaruku! Vuai! Ingia, usinipotezee muda!"

Watoto wa Panya walikuja kundi zima, na Tembo aliyatamka majina yao yote kwa pumzi moja, masikio yakimtoka jasho. Mama zao walilia. Wengine hawakuwahi kusikia jina la mtoto wao likitoka katika kinywa kikubwa namna ile.

Ndani ya Mwamba, Bi Somoe alichungulia. Mwanawe alikuwa kule, mwisho, mdogo kama kokoto. Kivuli kilikuwa kinavutwa ndani kama ulimi. Moyo ukamwambia: mwite asogee! Lakini alijua kwamba Mwamba ukijibu tu, wakubwa watapumua na kuondoka. Angemweka Chausiku wa kwanza, mlango ungefungwa nyuma ya kisigino chake, na wengine wote wangebaki nje wanatazama jiwe.

Akauma mdomo. Akanyamaza.

"Imetosha!" Kiboko akapiga kelele ghafla. "Wametujazia bonde! Mwamba wenyewe umelala. Twendeni zetu!"

Tembo akasita. Akageuza mguu mmoja.

Bi Somoe alijaribu kuvuma, lakini koo lilikuwa limekauka kwa vumbi. Kilichotoka kilikuwa kilio cha pimbi, chembamba, kama jiwe linalopasuliwa kutoka ndani:

"Kriiii... kriiii... KRIIIII!"

Wakubwa wakaruka. Fisi akafumba macho. "Unapasuka, Mzee! Mwamba unafunguka utumeze!"

"Anayefuata!" Tembo alilia. "Nani anafuata?"

Uwanja ulikuwa mtupu. Alibaki mmoja. Kivuli kilikuwa uzi tu chini ya Mwamba.

"Huyu?" Kifaru alisema. "Huyu ni pimbi tu. Pimbi ni pi..."

"Nyamaza!"

Tembo alipiga magoti. Ardhi ikatikisika. Akateremsha sikio lake kubwa mpaka likagusa vumbi.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila mwaka, "nisamehe, sikukuuliza. Unaitwa nani?"

Chausiku alimtazama. Alitazama na mdomo mweusi wa Mwamba, akaona humo macho mawili anayoyajua. Kisha akasogea, akanong'ona katika sikio lile.

Na kabla Tembo hajafumbua kinywa, wanangu, shikeni hili nisije nikalisahau: mlango unaowafungukia wanaojuana tu si mlango, ni ukuta wenye bawaba.

Uzi wa kivuli ukawa unaingia. Ndani, Bi Somoe akafungua kinywa ili ajibu. Hakuhitaji. Tembo aliinuka, akajaza kifua, akaita, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe dunia, kutoka chini kabisa, pasipo na mtu, Mwamba wenyewe ukaita pamoja naye:

"Chausiku!"